Kuwafuatilia wagonjwa wa akili majumbani si kugawa dawa tu

Mdogo wangu, umeuliza kama kazi hii ni kupeleka dawa majumbani. Hapana. Dawa zinatoka kliniki. Wewe unahakikisha mtu anaweza kuendelea kuzitumia. Mgonjwa akitoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili pale Dodoma, akarudi kijijini, kikwazo cha kwanza mara nyingi ni nauli ya kurudi kliniki. Kingine, familia inaona amepona, inamwachisha vidonge, na ugonjwa unarudi.

Kwa hiyo utakaa sana na mama yake, mke au kaka. Uliza analalaje. Usingizi ukipotea siku mbili tatu mfululizo, usisubiri tarehe ya kliniki. Anayechomwa sindano ya kila mwezi akianza kukakamaa au kutetemeka mikono, mrudishe kwa daktari mapema, kwa sababu madhara hayo yanatibika, na wengi huacha dawa kimyakimya kwa ajili yake.

Ukikuta amefungwa kamba, usianze kwa kufoka. Familia imechoka na inaogopa. Lengo ni afunguliwe siku hiyohiyo, lakini wape kwanza namba ya kupiga hali ya mgonjwa ikichafuka na zahanati ya kumkimbizia. Kama walipita kwa mganga kabla yako, usiwabeze. Ukiwabeza hawatakuambia kitu tena.

Jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kubisha hodi popote. Ila habari za mgonjwa usiwape hata wao, wakikuuliza vipi.