Moduli kwenye klasta: taja toleo, na ulitaje ndani ya skripti

Klasta ya pamoja, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa na kutumiwa na watu wengi, hubeba matoleo mengi ya programu ile ile, kila toleo likiwa moduli yake. Ukiandika `module load`, hakuna kinachosakinishwa: hasa, folda ya toleo ulilotaka inawekwa mwanzoni mwa PATH yako, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu. Ukifunga kikao, mabadiliko yanapotea. Ndiyo maana amri iliyokubali jana leo inajibu `command not found`.

Tuchukue mfano wa samtools, programu ya kushughulikia faili za BAM zenye data ya mifuatano ya DNA. Kutafuta, anza na `module avail samtools`. Kama klasta yenu inatumia Lmod, mmojawapo wa mifumo ya kusimamia moduli, `module spider samtools` inafaa zaidi, kwa kuwa inaonyesha hata moduli zinazosubiri kompaila (programu inayotafsiri msimbo) fulani ipakiwe kwanza.

Ukishaipata, usipakie `samtools` tupu. Utapewa toleo chaguo-msingi, ambalo Lmod hulitia alama (D), na siku wasimamizi wakilibadilisha, kazi yako nayo imebadilika bila wewe kujua. Hili si jambo dogo. Katika samtools 0.1.19, `samtools sort a.bam b` ilitoa faili b.bam. Kuanzia 1.3 mtindo huo uliondolewa. Lazima uandike `-o b.bam`. Skripti ya zamani inakwama hapo hapo, na mgeni hudhani data yake ndiyo mbovu.

Skripti ya Slurm, mfumo unaopanga foleni ya kazi kwenye klasta, iwe hivi:

```
#!/bin/bash
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --mem=20G
module purge
module load samtools/1.17
samtools --version
samtools sort -@ 8 -m 2G -o b.bam a.bam
```

Namba 1.17 ni mfano. Weka iliyopo kwenu. `module purge` haipo kwa mapambo. Kwa kawaida `sbatch`, amri ya kutuma skripti kwa Slurm, hubeba mazingira ya pale ulipoituma, pamoja na moduli ulizopakia kwa mkono. Bila kuzisafisha, kazi inakubali kwako na kumkatalia mwenzako mwenye skripti ile ile. Mstari wa `--version` unaacha ushahidi kwenye faili la matokeo. Miezi sita baadaye, unapoandika sehemu ya mbinu, utaushukuru.

Angalia pia kumbukumbu: `-m 2G` ni ya kila uzi (kila tawi la kazi linaloendeshwa sambamba, hapa 8 kwa `-@ 8`), si ya kazi nzima. Nyuzi 8 mara GB 2 ni GB 16, na ziada inahitajika juu yake. Ukiomba GB 16 kamili, Slurm inaweza kuiua kazi katikati.

Wanaotumia conda, njia nyingine ya kusakinisha programu, hupata tabu ya aina yake. Mazingira yake ya `base` yakiwa yamewashwa, programu na maktaba zake huingiliana na za moduli, kisha unaona `error while loading shared libraries`. Chapa `which -a samtools`: njia ya kwanza kwenye orodha ndiyo inayotumika. Ikiwa ni ya conda, toa `conda deactivate` kabla ya kupakia moduli.

Ukikwama kabisa, mwandikie msimamizi ukiambatanisha namba ya kazi, majibu ya `module list` na ujumbe wa kosa wote, si mstari wa mwisho pekee.