Kabla hujasema mchawi kazidi nguvu, uliza analala lini

Ukikaa na watu wanaocheza D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake) na michezo ya ukoo wake, haupiti muda kabla mtu hajasema kwamba mchawi kazidi nguvu na mpiganaji kaachwa solemba. Ni ubishi wa zamani. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa na klasi tatu tu, yaani aina za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata. Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye mabishano haya, au unataka kutunga klasi yako mwenyewe, nina ushauri mmoja na mengine yote yanatokana nao: usilinganishe klasi mbili kabla hujajua nguvu za kila moja zinarudi lini.

Mpiganaji karibu hana cha kumwishia. Upanga aliopiga nao asubuhi ndio atakaopiga nao jioni. Mchawi yeye anaishi kwa akiba. Gygax aliuchota utaratibu huo kwenye hadithi za Jack Vance, ambamo mchawi anakariri afsuni, akiitamka inafutika kichwani mpaka aikariri upya. Toleo la tano, la mwaka 2014, limelegeza kamba: mchawi ana nafasi kadhaa kwa siku, na anazitumia kwa afsuni yoyote kati ya alizoziandaa. Lakini msingi ni uleule, zikiisha mpaka apumzike saa 8.

Na hapa wageni wengi hujikwaa: levo ya mhusika, yaani ngazi aliyofikia, si levo ya afsuni, yaani ukubwa wa afsuni yenyewe. Mchawi wa levo ya 5 ndiyo kwanza anaanza kutumia afsuni za levo ya 3. Ukizichanganya hizo mbili katikati ya ubishi, hakuna atakayekusikiliza tena.

Sasa shika kalamu. Mpiganaji wa levo ya 5, mwenye nguvu 18 na upanga wa mikono miwili, anapiga mara mbili kila raundi, na pigo likiingia linaumiza kwa wastani wa pointi 11. Tuseme mapigo yake yanaingia kwa asilimia 65. Anakupa pointi 14 na kidogo kwa raundi. Mchawi wa levo hiyohiyo ana nafasi mbili za levo ya 3, yaani mipira ya moto miwili. Kila mpira ni dadu 8 za pande 6, wastani wa 28 kwa kila aliyeguswa, na anayewahi kukwepa anaumia nusu. Wakiwa maadui watatu wamesimama karibukaribu, na makwepo yakafaulu nusu kwa nusu, mpira mmoja ni pointi 63. Mipira ikiisha anabaki na miale midogo ya moto isiyo na kikomo, ambayo kwa asilimia zilezile 65 inampa kama 7 kwa raundi.

Siku yenye pambano moja tu la raundi 4, mpiganaji anamaliza na 57, mchawi 140. Chukua sasa siku yenye mapambano matano ya urefu huo, jumla raundi 20. Katikati wamepumzika saa 1, na mchawi akajirudishia mpira mmoja, kama kanuni zinavyomruhusu mara moja kwa siku. Mpiganaji 286, mchawi 310. Sijahesabu afsuni ndogondogo za mchawi, wala ile hatua ya ziada ya mpiganaji, wala kwamba uhai wa mpiganaji unapimwa kwa dadu ya pande 10 na wa mchawi kwa ya pande 6. Hata hivyo unaona pengo lilivyoyeyuka. Wahusika hawakubadilika, kanuni hazikubadilika. Yaliyobadilika ni mapambano mangapi yanapita kabla ya usingizi.

Kitabu cha msimamizi, yaani anayeendesha mchezo, cha toleo hilo kiliweka wazi kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku moja. Meza nyingi nilizokaa zinakutana jioni baada ya kazi, saa tatu zimekwisha, pambano limepiganwa moja, mawili yakizidi sana. Halafu wahusika wanalala na mchawi anaamka kajaa tele. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mchawi kazidi anasema kweli kuhusu meza yake, na anayemjibu kwamba kanuni ziko sawa naye anasema kweli kuhusu kitabu. Wanaweza kubishana hivyo mpaka alfajiri.

Dawa yake si kuukata mpira wa moto. Kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari inayofanya mapumziko mafupi yawe saa 8 na marefu yawe siku 7. Ukiitumia, jioni zenu nne zenye pambano mojamoja zinaweza kuwa ndani ya akiba moja ya mchawi. Ijaribuni kabla hamjaanza kuandika upya orodha ya afsuni. Wachawi watanung'unika mwanzoni. Waache.

Wapo waliojaribu dawa kali zaidi. Toleo la nne, mwaka 2008, lilimpa kila mtu mpangilio mmoja: nguvu za kutumia wakati wowote, nguvu za mara moja kwa pambano, nguvu za mara moja kwa siku. Kwa hesabu ile ilikuwa kazi safi, na mimi bado naamini ndilo toleo lililomheshimu mpiganaji kuliko yote. Lakini wachezaji wengi waliona klasi zote zimekuwa na ladha moja, kwamba mpiganaji naye sasa anatupa afsuni zilizovaa jina la upanga. Kuna funzo hapo kwa anayetunga: usawa wa tarakimu ukiupata kwa kufuta tofauti ya jinsi mtu anavyocheza, umeuza ng'ombe ili ununue kamba yake.

Ars Magica ya mwaka 1987 ilikwenda upande wa pili kabisa. Wachawi wake ni wakubwa kuliko kila mtu na mchezo haujifichi. Badala ya kuwapunguza, kila mchezaji anakuwa na mchawi wake, mwandani asiye mchawi, na watumishi wanaoshirikiwa na meza nzima, kisha mnapokezana. Wiki hii wewe ndiye mkubwa, wiki ijayo unabeba mkuki. RuneQuest ya 1978 yenyewe iliachana na klasi, kila mtu anajifunza ujuzi kwa asilimia na hata askari ana uchawi kidogo. Shadowrun, 1989, inamchosha mchawi mwili, kila afsuni inamrudia. Ukizisoma sambamba utaona kwamba zote zinajibu swali moja: mchawi analipa nini, na deni linafutwaje?

Mpaka hapa nimesema habari za kupigana, kwa sababu kunahesabika. Kunakouma zaidi ni kwingine. Afsuni ya kuruka inafuta mlima mliopanga kuupanda jioni nzima, na ya kuhamia mahali papo hapo inafuta safari. Mwizi aliyewekeza kwenye kufungua makufuli anakaa tu akimtazama mchawi akifungua mlango kwa neno moja. Lakini hebu soma maandishi ya afsuni hiyo, ya levo ya 2: kufuli linafunguka, na mlio unasikika hadi futi 300, kama mita 90. Mlinzi wa mwisho wa jengo kasikia. Mwizi hufungua kimyakimya. Mstari mmoja tu, na kazi ya mwizi imebaki. Ukitunga afsuni inayogusa kazi ya klasi nyingine, itafutie mlio wake.

Wanaotunga dunia za pwani yetu huja na majini na waganga, nami nafurahi, ila mara nyingi nikifunua naona mpira wa moto uleule umevikwa kanzu. Jini anayelipwa kwa usingizi wa saa 8 si jini. Katika mambo ya pepo, mtu aliyepandwa ni kiti, na pepo ana madai: ubani, ngoma, nguo ya rangi fulani, ahadi iliyotolewa mbele ya watu. Hiyo tayari ni akiba isiyorudi kwa kulala. Mchawi wako anaweza kuomba hata mara kumi kwa siku, lakini kila ombi linaandikwa kwenye daftari la pepo mwenyewe. Ila waulize kwanza wanaokaa mezani. Kuna ambaye kwake hayo si mchezo, na ana haki ya kusema hapana.

Kuhusu nadharia: utaambiwa habari za Ron Edwards, mtunzi wa michezo ya aina hii, na mgawanyo wake wa wachezaji katika makundi matatu, wanaotafuta changamoto ya kushinda, wanaotafuta hadithi yenye uzito, na wanaotaka dunia ijiendeshe kwa mantiki yake. Isome, inafungua macho. Itakuonyesha kwamba mara nyingi anayedai usawa na anayedai uchawi uwe wa ajabu wanataka michezo miwili tofauti. Lakini itumie kuuliza maswali. Ukianza kumbandika mtu lebo, mazungumzo yamekufa, na nimeona meza zikivunjika kwa lebo kuliko kwa mipira ya moto.

Kama huna hela ya vitabu, kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, hati namba 5.1. Unazipakua bure, unaruhusiwa kuzibadilisha na hata kuuza ulichotunga, ilimradi utaje zilikotoka. Tunga klasi yako juu ya hizo. Usiandike levo 20, andika tatu. Ichezeshe siku yenye pambano moja, kisha siku yenye matano, na mpe mtu asiyecheza karatasi aandike kila raundi nani kafanya nini na nani kakaa akichezea simu. Karatasi hiyo ndiyo uje nayo kwenye ubishi.