Nilisaini karatasi ya "tumemalizana" baada ya kukatwa vidole kazini. Bado nina haki ya fidia?

SWALI: Shikamoo dada wakili. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Tarehe 9 Agosti mwaka jana nilikuwa natoa mashudu yaliyokwama, mkanda wa mashine ukanivuta mkono wa kushoto, nikapoteza kidole cha kati na cha pete. Bosi alilipia hospitali siku ya kwanza tu, kufunga kidonda nikawa najilipia mwenyewe. Nilikaa nyumbani miezi minne bila mshahara. Desemba akaniita, akanipa laki tatu, nikasaini karatasi kwamba tumemalizana. Nimerudi kazini kwa laki nne ileile ya zamani, ila mkono haushiki vizuri. Sina mkataba wa maandishi. Bosi anasema mimi ni kibarua, Mfuko wa fidia ni wa watu wa serikali, na ajali ilikuwa uzembe wangu kwa sababu sikuzima mashine. Anasema nikienda huko nisirudi. Je, bado nina haki?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana.

Haki unayo. Karatasi uliyosaini isikukoseshe usingizi. Kinachonitia wasiwasi ni ile tarehe 9 Agosti. Madai ya fidia yanatakiwa kufikishwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Leo tuko Mei. Umebakiwa na miezi isiyofika mitatu, na ukingoja mavuno yaishe utakuta imekwisha.

Nianze na hilo la kibarua, maana ndilo linalowarudisha wengi nyumbani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu sekta ya umma na sekta binafsi kote Tanzania Bara. Kukosa mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata ikiwepo dalili moja tu kati ya zilizotajwa humo: kwamba anapangiwa saa za kazi, anatumia vifaa vya mwenye kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Wewe saa 45 unazimaliza kabla wiki haijaisha. Atakayesema si mwajiriwa ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Sasa uzembe. Fidia hii haiulizi nani alikosea. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kutoa mashudu yaliyokwama ndiyo kazi uliyotumwa. Ingekuwa umelewa, au umefanya utovu wa makusudi, hapo tungekuwa na mjadala mwingine, na hata hivyo sheria inamfikiria aliyepata ulemavu mkubwa na familia ya aliyefariki. Kusahau kuzima mashine si jambo la aina hiyo. Mimi ningependa pia kujua kwa nini mkanda ule haukuwa na kizuizi, ila hilo ni la wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Karatasi za "tumemalizana" nimeziona nyingi, nyingine zimeandikwa nyuma ya risiti ya mafuta. Haki ya fidia haiuzwi kwa makubaliano ya pembeni kati ya mfanyakazi na bosi wake. Makubaliano ya kuiachia hayana nguvu. Tena ulisaini kabla daktari hajasema umepoteza kiasi gani cha uwezo wa mkono wako. Uliuza gunia bila kupima.

Tupime basi. Kwa muda ambao mfanyakazi hawezi kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, na yanaweza kwenda hadi miezi 24. Mshahara wako laki nne, asilimia 70 ni 280,000. Kwa miezi minne ni shilingi 1,120,000. Wewe ulipewa 300,000, na bado hatujagusa vidole. (Usichanganye na likizo ya ugonjwa ya Sheria ya Ajira, ile ya siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Hiyo mwajiri halazimiki kuilipa pale mfanyakazi anapostahili malipo ya likizo ya ugonjwa kutoka kwenye mfuko au sheria nyingine.)

Vidole vinaingia kwenye ulemavu wa kudumu. Jeraha likishapona kwa kiwango linachoweza kupona, daktari anafanya tathmini na kuandika asilimia. Isipozidi 30, unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Asilimia yako siwezi kuitabiri nikiwa mezani, lakini kwa vidole viwili jiandae kwa mkupuo. Ukiwa mbele ya daktari usijikaze kiume. Mwambie huwezi kukamua nguo, kwamba jembe linateleza, kwamba usiku panawaka. Nimewahi kumsindikiza mteja aliyejibu "naendelea vizuri tu dokta" kwa adabu, na ndivyo ilivyoandikwa.

Na gharama za matibabu ni za Mfuko pia, pamoja na utengamao kama utahitaji mazoezi ya mkono. Risiti za kufunga kidonda zitafute zote, hata zilizofifia.

Kuna jambo moja nataka ulifanye kabla ya yote: nenda hospitali ulikopelekwa siku ile, uombe taarifa ya matibabu, uisome hapohapo dirishani. Miaka michache nyuma nilikuwa na kijana wa saidia fundi hapa mjini, alikatwa na grainda. Aliyempeleka hospitali ni msimamizi wake, na yeye ndiye aliyejibu maswali wakati kijana anavuja damu. Kwenye faili pakaandikwa "amejikata akiwa nyumbani". Maneno matatu hayo yalitutesa miezi. Kama yako imeandikwa vile, tafuta sasa wenzako wawili waliokuwepo zamu ile, waandike walichoona na kusaini.

Utaratibu wenyewe: wewe unamtaarifu mwajiri, naye ana siku saba kuipeleka taarifa ya ajali kwa Mfuko. Kwa kuwa hakufanya, usimngoje. Mwandikie barua fupi yenye tarehe, abaki na nakala wewe ubaki na nakala iliyopokelewa kwa saini. Akikataa kusaini, piga picha ya barua umtumie kwenye simu. Kisha panda basi uje ofisi ya Mfuko hapa Dodoma. Beba kitambulisho cha NIDA, taarifa ya hospitali, risiti, maelezo ya wenzako, na meseji za simu zinazoonyesha mshahara ukiingia. Hizo meseji ndizo zitakazosimama mahali pa mkataba, kwa hiyo usibadilishe simu wiki hii.

Bosi akisema hajasajiliwa na Mfuko, hilo ni deni lake na Mfuko, halifuti haki yako. Mchango wote ni wake na haruhusiwi kukukata hata senti. Kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa laki nne yako ni shilingi 2,000 kwa mwezi, bei ya sahani ya wali maharage stendi. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu chini ya sheria ya zamani kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000 na cha kifo 83,000. Mfuko ulipoanza kulipa mafao, Julai 2016, tuliokuwa kwenye kazi hizi tulijua kilichobadilika. Inaniuma kuona mtu bado analipwa kwa vipimo vya zamani.

Kuhusu vitisho vya kufukuzwa: kudai fidia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Akikufukuza, njoo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu siku aliyokuachisha. Siku hizo 30 hazihusiani na ile miezi 12. Ni mashauri mawili, kila moja na dirisha lake. Akikuambia kwa mdomo tu "usirudi", andika siku hiyohiyo tarehe, saa na nani alisikia.

Ile karatasi ya laki tatu usiichane kwa hasira. Kama nakala anayo yeye tu, iombe kwa upole, sema unaitaka kwa kumbukumbu zako. Huenda ndani yake ameandika kwa mkono wake kwamba uliumia kwenye mashine yake.