Ukija Ufaransa, achana na orodha ya makasri, shika njia moja kwa miguu

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi aliyehamia huku mwaka huu, aliniandikia: "Dada, Paris nimeshaiona. Nina likizo fupi, nataka vijiji, makasri na makanisa ya kale. Nimeandika orodha ya sehemu kumi na mbili. Nikodi gari?" Nilimpigia simu, maneno yakawa mengi, nikaona heri niyaweke hapa. Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo. Tena mimi mwenyewe nimerudi juzi tu kutoka kwenye safari niliyoitamani tangu nilipohamia Lyon: nimetembea kwa miguu kutoka mji wa Le Puy-en-Velay hadi kijiji cha Conques, takriban kilomita 200 za milima na mabonde, begi mgongoni, na nimefika. Najivunia, na sitajificha kusema hivyo.

Jibu langu kwake lilikuwa hili: orodha iweke pembeni, chagua kipande kimoja cha njia ya kale ukitembee. Ukienda kwa gari utaliona kanisa, utapiga picha, utaondoka bila kuelewa kwa nini watu walijenga jengo kubwa namna ile kwenye bonde lisilo na mji. Ukienda kwa miguu unaelewa mapema, kwa sababu njia ndiyo iliyoyazaa majengo. Mahujaji wa Kikristo walipita hapa kwa karne nyingi wakielekea Santiago de Compostela, Hispania. Mto ulihitaji kuvukwa, likajengwa daraja. Watu walipotea kwenye theluji, ikajengwa hospitali, yaani nyumba ya kuwahifadhi mahujaji, yenye kengele. Mwaka 1998 UNESCO iliziingiza njia hizi za Ufaransa kwenye Urithi wa Dunia, na haikuchukua majengo peke yake. Ilichukua pia vipande 7 vya njia yenyewe, udongo na mawe yake.

Le Puy ipeni siku nzima kabla ya kuanza. Mji umekaa kati ya mabaki ya volkano, na juu ya mwamba mmoja uliochongoka kuna kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, la karne ya 10. Ngazi zake ni 268. Pandeni, msiridhike na picha ya chini. Mwamba wa pili una sanamu kubwa ya Maria na mwanawe iliyozinduliwa mwaka 1860, iliyosubiwa kwa chuma cha mizinga 213 iliyotekwa Sevastopol katika Vita vya Krimea. Nilisimama chini yake muda mrefu nikiifikiria ile mizinga.

Asubuhi ya kuondoka, kwenye kanisa kuu kuna misa ya mahujaji saa moja. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga, na nilikaa nyuma kwa adabu nikasikiliza. Baada ya misa hufunguliwa kizuizi cha chuma sakafuni, katikati ya kanisa, na watu wanashuka ngazi moja kwa moja hadi mtaani, mbele yao vilima. Kuna watu huniuliza kama inafaa mtu wa dini nyingine kwenda. Inafaa. Kati ya niliotembea nao wengi hawakuwa watu wa kanisa kabisa. Walikuja kwa ajili ya miguu, historia na kimya.

Njia yenyewe inaitwa GR 65 na haihitaji uwe bingwa wa ramani. Alama ni mstari mweupe juu, mwekundu chini, umepakwa kwenye mti, jiwe, nguzo ya umeme, wakati mwingine kona ya zizi. Ukiona mistari hiyo imekatizana kama X, umekosea njia, rudi. Alama hizi hupakwa na watu wanaojitolea, na hilo lilinigusa: kuna mtu anatoka kwake na kopo la rangi ili mgeni asiyemjua asipotee. Ukitaka usalama zaidi nunua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni.

Siku za mwanzo nazipita haraka. Kuna bonde la mto Allier, mteremko mkali unaoumiza magoti, halafu misitu ya Saugues, nchi ambayo kati ya 1764 na 1767 ilitishwa na yule Mnyama wa Gévaudan aliyeua watu. Malengelenge yatakuja hapo. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea.

Aubrac ndiyo iliyonibadilisha. Ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200, hauna miti, umekatwakatwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Njia inapita ndani ya malisho. Unafungua geti, unalifunga, unaendelea. Ng'ombe wa huko wana rangi ya kahawia hafifu na macho yao yamezungukwa na weusi kama wamepakwa wanja. Wana pembe ndefu na wana ndama, kwa hiyo wapeni nafasi. Ukungu ulishuka ghafla nikawa sioni alama inayofuata, na hapo nikaelewa kwa nini watawa wa Aubrac, waliojenga hospitali yao karne ya 12, walikuwa wakipiga kengele kwenye ukungu na theluji ili aliyepotea afuate sauti. Hilo nilikuwa nimelisoma zamani. Kulisoma na kusimama ndani ya ule weupe ukisikiliza ni mambo mawili.

Jioni ukifika nyumba ya wageni, zile zinazoitwa gîte, viatu vinabaki mlangoni na begi halipandi kitandani. Sehemu nyingine watakupa sanduku la plastiki uliweke humo, kwa kuhofia kunguni. Msichukie, ni kwa wote. Chakula huwa meza moja, kama saa moja jioni. Aubrac watakuletea aligot: viazi vilivyopondwa na jibini changa na kitunguu saumu, vikakorogwa hadi vikavutika kutoka sufuriani. Mara nyingi huja na soseji ya nguruwe, kwa hiyo unapoweka nafasi sema mapema kwamba huli nguruwe. Mimi nilisema kila mahali na kila mahali nilipikiwa mayai au adesi za kijani za Le Puy, bila manung'uniko.

Sasa niseme linaloniuma. Nyumba moja, sitaitaja, mwenyewe alifungua mlango, akaniangalia, mtandio kichwani, begi mgongoni, akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya kazi ya usafi. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa jina langu. Nilimwonyesha kitabu changu cha mahujaji, kile kinachogongwa mhuri kila kituo, na mihuri yote kuanzia Le Puy. Akanyamaza, akanipa kitanda. Sikulala vizuri. Na nyumbani nako, nilipotuma picha kwenye kundi la familia, baba mdogo aliandika, "Ulaya yote hiyo, mwanangu, umekosa hata nauli ya basi?" Binamu zangu wakacheka. Yule mwenye nyumba ananiona sistahili njia kwa sababu nimetoka Afrika, na hawa wananiona nimepotea kwa sababu natembea kwa miguu bila dhiki.

Ndugu zangu, msiwape nafasi hiyo. Historia haina mlango wa watu fulani. Babu zetu walitembea kutoka bara hadi pwani wakiwa na mizigo vichwani, njia zao zinajulikana, na leo tunaona aibu kuonekana tunatembea. Tunaona heshima ni kiti cha gari na picha mbele ya mnara. Kijana ukiwa huku na ukabaki kwenye maduka ya Paris miaka mitatu, utarudi nyumbani na nini cha kusimulia? Tokeni. Na mkitoka, semeni "bonjour" kwa kila mnayekutana naye, dukani, kisimani, njiani. Sisi tuliolelewa kupiga hodi hatuna sababu ya kushindwa. Kwa salamu hiyo moja bibi wa Saint-Chély-d'Aubrac aliacha kumwagilia maua yake akanishika mkono, akanipeleka darajani kunionyesha hujaji mdogo aliyechongwa chini ya msalaba wa jiwe, ambaye ningempita bila kumwona.

Conques inakuja kwa kuteremka. Uko msituni, miguu imechoka, na paa za mawe zinatokea chini yako zote kwa pamoja. Watu hutazama kanisa la Sainte-Foy dakika tano wakaondoka. Ninyi kaeni mbele ya mlango wa magharibi. Juu yake kuna Hukumu ya Mwisho iliyochongwa karne ya 12, watu zaidi ya mia, na rangi za zamani bado zinaonekana kidogo hapa na pale. Tafuteni mizani: shetani anabonyeza upande wake kwa kidole ili aibe. Tafuteni motoni sungura anayemchoma mwindaji. Kisha inueni macho kwenye ukingo wa nje wa tao, mtaona sura ndogo zinazochungulia, vidole vimeshika ukingo, pua tu na macho. Yote haya yangeweza kupotea. Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alifika mwaka 1837 akalikuta kanisa katika hali mbaya, na taarifa yake ndiyo iliyochochea ukarabati. Ndani, madirisha 104 ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, yaliyowekwa 1994. Vioo havina rangi wala picha, ila mwanga wake hubadilika kadiri jua linavyosogea. Ingieni asubuhi, mrudi tena jioni.

Mwanafunzi wangu ana likizo fupi, kwa hiyo nimemshauri asianze Le Puy. Achukue kipande cha Nasbinals hadi Saint-Chély-d'Aubrac, kilomita 17, kimojawapo kati ya vile 7 vya UNESCO, kisha ateremke taratibu hadi Conques. Aende Juni au Septemba, maana majira ya baridi nyumba nyingi hufungwa. Aweke nafasi mapema. Abebe chakula cha mchana, kwani vijijini maduka hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Maji yakimwishia atafute makaburi ya kijiji, karibu kila mara kuna bomba. Asome tu kibao, "eau non potable" asinywe. Namba ya dharura ni 112. Na Conques haina stesheni ya treni, basi usafiri wa kurudi aupange kabla hajafunga begi.