Swali la lugha: "Nostalgia" kwa Kiswahili tuseme nini?

SWALI: Mwalimu, nahariri makala ya muziki wa dansi wa zamani. Mwandishi kaandika: "Wimbo huu unanipa nostalgia ya miaka ya sabini." Mwenzangu anasema neno hilo ni ugonjwa wa kutamani nyumbani. Ni kweli? Na Kiswahili chake ni kipi? (Mhariri, Morogoro)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ila ameshika maana ya zamani. Neno hili lilizaliwa kwenye udaktari, si kwenye ushairi. Mwaka 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi, aliunga maneno mawili ya Kigiriki: nostos, kurejea nyumbani, na algos, maumivu. Alisimulia habari za kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, akadhoofika hadi watu wakamkatia tamaa. Walipoanza safari ya kumrudisha kwao, akapata nafuu njiani. Askari wa Kiswisi waliopigana kwa ujira ugenini nao walisifika kwa maradhi hayo.

Waingereza walilipokea neno kama jina la ugonjwa. Mwaka 1770, Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwa melini na Kapteni Cook, mvumbuzi wa Kiingereza, aliandika kwamba mabaharia wengi wamezidiwa na hamu ya kwao, ambayo matabibu wanaiita nostalgia. Hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliorodhesha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa nostalgia. Karne ya 20 ndipo neno likahama: kutoka mahali likaenda kwenye wakati, kutoka maumivu likaingia utamu wenye huzuni.

Sisi mambo hayo mawili hatukuyachanganya. Aliye mbali ana hamu ya kwao, au amepakumbuka kwao. Hiyo hamu yenyewe asili yake ni Kiarabu, ambako hamm ni wasiwasi na majonzi, kwa hiyo uchungu umo humo humo. Neno "ukiwa" usilitumie hapa: huo ni upweke wa aliyeachwa, hauna utamu wowote.

Kwa wakati uliopita, Kiswahili hupenda kitenzi kuliko nomino, na wasikilizaji wa zilipendwa wanacho tayari. Sentensi yako iandike: "Wimbo huu unanikumbusha mbali." Miaka ya sabini ikihitajika, ongeza: "unanirudisha miaka ya sabini." Nomino ikilazimu, kwenye kichwa cha habari kwa mfano, "hamu ya enzi zile" inatosha. "Nostaljia" mwachie anayeandika historia ya tiba.