Homa ya ini B: tabibu wa zahanati asaidiweje?

Tabibu wa kisiwani hahitaji semina nyingine ya homa ya ini. Anahitaji karatasi moja ukutani na namba ya simu inayopokelewa. Nasema hivyo baada ya kuzungukia zahanati na vituo vya afya vya mwambao huu wa Ziwa Victoria, Sengerema hadi Ukerewe. Mtu akikutwa na HBsAg, alama ya kirusi cha homa ya ini B kwenye damu, anaandikiwa rufaa ya mjini papo hapo, na wengi hawafiki. Kuna nauli ya kivuko, pa kulala, halafu mtumbwi unamngoja. Anaishia kwenye mitishamba.

Karatasi iwe na mambo machache. HBsAg ikiendelea kuonekana zaidi ya miezi 6, ugonjwa ni sugu. Pima VVU kabla ya kumpa tenofovir, dawa ya kudhibiti kirusi, maana dawa hiyo peke yake kwa mwenye VVU inazalisha usugu. Pima kreatinini uone hali ya figo. Kisha piga hesabu ya APRI, inayokadiria makovu ya ini: AST (kimeng'enya cha ini) gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, gawanya tena kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu), zidisha kwa 100. AST 60, kiwango 40, chembe sahani 200: unapata 0.75. Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema mtu mzima akizidi 0.5 aanze dawa, hata kama kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani.

Lakini huku kwetu kuna kichocho, na hapa ndipo karatasi za kunakili zinapotupotosha. Kichocho cha tumbo huweka makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama inavimba na kuzuia chembe sahani humo. Zikishuka, APRI inapanda, na lawama zote anabebeshwa kirusi. Kwa hiyo mlaze mgonjwa, papasa bandama. Ikiwa imeshuka kuelekea kitovuni huku ALT, kimeng'enya kingine cha ini, iko chini, fikiria kichocho: toa prazikwanteli, omba altrasaundi, na upige simu kabla ya kumwanzishia dawa ya miaka mingi. Magonjwa yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, ndiyo maana simu ni muhimu. Mpigie daktari ukiwa na majibu mkononi. “Dokta, nina mgonjwa wa ini” haimsaidii yeyote.

Tarehe za kurudi pia. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka. Nimeona tabibu mmoja akipanga kliniki yake kwa kalenda ya mwezi, na daftari lake lilikuwa na tiki nyingi kuliko la jirani yake mwenye kompyuta. Akimpa mvuvi dawa, anampa za kumtosha hata akihamia kambi nyingine, na anamwonya asiziache ghafla: kirusi kinaweza kuamka na kuliumiza ini vibaya.

Wa nyumbani nao wapimwe, wasio nacho wachanjwe. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo wazazi wengi hawakuipata. Wala wewe mhudumu usijisahau. Sahani na vikombe waendelee kushirikiana, wembe hapana.

Macho ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu au kuchanganyikiwa: huyo mpe rufaa leo, na umpigie simu anayempokea kabla kivuko hakijang'oa nanga.