Baka Kwenye Dari: Maswali Yenu Kuhusu Maji Yanayopenya Katika Maghorofa ya Zamani

Masika yakishika, barua za mabaka na dari zinazotona huwa nyingi. Mwezi huu tumechagua za wakazi wa maghorofa ya miaka ya 1950 hadi 1970. Shida zao zinafanana: mabomba ya chuma yaliyozikwa ukutani, mabafu yasiyo na kinga yoyote chini ya marumaru, na mapaa bapa ya zege.

Ndugu mafundi, nakaa ghorofa ya pili. Dari ya korido yangu, hatua mbili kutoka bafuni, ina baka la kahawia linalozidi kukua. Nimelipaka rangi ya mafuta mara mbili, ikavimba na kubanduka. Jirani wa juu kaleta fundi wake, naye kamwaga ndoo ya maji bafuni, akangoja kidogo, akasema huko kukavu. Nianzie wapi, na nani alipe? — Mama wa Upanga, Dar es Salaam

Mama, rangi iweke kando kwanza. Rangi ya mafuta juu ya zege lenye maji huziba njia ya unyevu kutokea, kwa hiyo lazima ivimbe. Hata rangi ya bei ghali itafanya vilevile. Na usidhani pa kuvujia pako juu ya baka moja kwa moja. Maji yakishapita chini ya marumaru hutambaa ndani ya lipu ya sakafu mpaka yapate ufa, au hufuata bomba la nyaya za umeme na kutokeza kwenye taa. Kama baka limekaribia taa, zima umeme wa taa hiyo kwenye swichi kuu na usiiwashe mpaka pakauke.

Kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, uliza yanakuja lini. Zungushia baka mstari wa penseli, andika tarehe na saa, kisha fuatilia kwa wiki moja. Baka linalokua usiku na mchana bila kupumzika linaonyesha bomba la maji safi. Likikua saa moja au mbili baada ya watu wa juu kuoga au kufua, ni bomba la maji taka au sakafu ya bafu. Likiamka na mvua, tazama paa, ukuta wa nje na madirisha.

Kisha omba jirani akubali vipimo vitatu, kwa mpangilio huu huu. Bomba lenye presha likivuja, vipimo vingine vyote vitadanganya, kwa hiyo maji safi yapimwe kwanza. Usiku afunge koki zote, pamoja na ile ya tangi la choo, asome mita, kisha aisome tena alfajiri. Mkiwa mnatumia tenki la juu ya paa, mita ya chini haitasaidia, maana inahesabu maji yanayoingia tenkini tu. Fungeni yanayoingia, wote mnaotumia tenki hilo msitumie maji, wekeni alama ya kimo na kuisoma alfajiri. Kwenye tenki lenye kipenyo cha mita moja, kila sentimita iliyoshuka ni karibu lita 8.

Kimo kikibaki palepale, pimeni maji taka. Changanyeni rangi ya chakula kwenye ndoo, mmwage kwenye sinki. Kesho yake beseni la kunawia kwa rangi nyingine, keshokutwa choo. Mkivichanganya siku moja hamtajua kipi ni kipi.

Cha mwisho ni sakafu. Zibeni tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya nailoni, jazeni maji yenye rangi kimo cha sentimita 2, yaacheni saa 24. Fundi aliyemwaga ndoo moja na kungoja kidogo hajapima kitu. Zege la sentimita 12 linaweza kuchukua saa nyingi kupitisha maji. Chini kukibaki kukavu, rusheni maji kwenye kuta za sehemu ya kuogea kwa dakika 15. Kuna mabafu ambayo sakafu yake ni nzima, na maji hupita nyuma ya marumaru za ukutani, pale koki inapotokeza.

Kuhusu malipo: kwa kawaida bomba au sakafu inayohudumia nyumba moja ni mzigo wa mwenye nyumba hiyo, na bomba la pamoja, paa na kuta za nje ni mzigo wa jengo zima. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya ina yake ya mwaka 2020; zote zinatenga sehemu ya mtu na sehemu ya pamoja. Kama wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe na picha za baka kabla hujagusa chochote. Na kipimo cha maji ya rangi kifanyike mbele ya pande zote mbili. Rangi nyekundu ikitona kwenye korido yako, mabishano huwa mafupi.

Fundi wangu anataka kubandika marumaru mpya juu ya zile za zamani bafuni. Anasema grauti nzuri (ile ya kujaza nafasi kati ya marumaru) itazuia maji. Bafu ni mita 1.5 kwa 2. — Msomaji, Kariakoo

Haitazuia. Grauti ya kawaida ya saruji hunyonya maji, na marumaru yenyewe ni pambo na kinga ya uchakavu tu. Kinachozuia maji ni tabaka lililo chini yake, na bafu lako la zamani halina. Ukibandika juu, utakuwa umeinua sakafu karibu na kizingiti na maji yatapata njia ya kuingia sebuleni.

Ng'oeni marumaru na lipu yake hadi zege tupu, kwa nyundo na tindo. Mashine kubwa ya kubomolea inatikisa viungo vya mabomba ya zamani ya chuma, na mnaweza kuzalisha uvujaji ambao haukuwepo. Mkikuta bafu limejazwa kifusi (mafundi wa zamani walishusha zege la bafu na kujaza vipande vya tofali ili kuficha mabomba), ondoeni kifusi chote. Kile huhifadhi maji kama dimbwi, na nyumba ya chini itaendelea kutona kwa wiki kadhaa hata baada ya bomba kuzibwa.

Badilisheni tundu la sakafuni na mabomba yake sasa hivi, mahali pakiwa wazi. Mahali PVC inapokutana na chuma cha zamani, tumieni kiungio cha mpira chenye mikanda ya kukaza. Saruji hapo itapasuka, maana plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kila bomba linalopita kwenye zege lichimbuliwe pembeni upana wa sentimita 3, pajazwe saruji maalumu isiyonywea.

Halafu sakafu ya mteremko: saruji 1 kwa mchanga 4, ikishuka sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Mwagilieni siku 7. Kwenye pembe za sakafu na ukuta pigeni kona ya mviringo kwa saruji 1 na mchanga 3, kwa sababu pembe kali ndipo tabaka la kinga hukatika kwanza.

Kinga yenyewe, nunueni ile ya unga na maji yake ya plastiki vinavyouzwa pamoja. Hesabu ya bafu lako: sakafu mita za mraba 3, mzunguko wa mita 7 ukipandisha sentimita 15 unaleta 1.05, kuta mbili za pembe ya kuogea, zenye jumla ya upana wa mita 1.8, zikipanda hadi kimo cha mita 1.8, zinaongeza karibu 3. Jumla ni kama mita za mraba 7. Tabaka mbili zenye unene wa milimita 2 kwa jumla hula kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo andaa kilo 25 hadi 28. Fundi akikwambia kilo 10 zinatosha, ujue anakusudia kupaka kama rangi.

Zege lilowanishwe lakini lisiwe na maji yaliyotuama. Tabaka la kwanza lipakwe kwa brashi kuelekea upande mmoja, na likiwa bado bichi zamisheni utepe wa kitambaa kwenye pembe, kuzunguka mabomba na kwenye mdomo wa tundu. Likishika, la pili lipakwe kukatisha la kwanza. Dawa ikiwa nzito, fundi asiongeze maji. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na haionekani mpaka mwaka upite. Baada ya siku zilizoandikwa kwenye mfuko, zibeni tundu, jazeni maji na mngoje saa 48 huku jirani wa chini akiangalia dari yake. Kukiwa kukavu ndipo marumaru ziwekwe kwa gundi yake.

Mkifika hapo, chungeni mtu wa mwisho: anayefunga choo. Akitoboa sakafu kwa ajili ya skrubu, ameshapasua kinga yote. Mashimo hayo yajazwe silikoni kabla skrubu haijaingia, au choo kikalishwe kwa gundi. Pembe za ukuta na sakafu nazo zimaliziwe kwa silikoni ya bafuni badala ya grauti, maana sehemu hizo huchezacheza.

Niko ghorofa ya juu kabisa. Dari inatona alfajiri hata wakati wa kiangazi, ikifika saa nne asubuhi inakoma. Paa tumeshalipaka lami. — Baba wa Ilala

Panda juu saa kumi usiku, siku ya mgao. Maji yanapofunguliwa usiku presha huwa kubwa, flota ya tenki (boya na koki yake ya kufunga maji tenki likijaa) iliyochakaa haifungi, na maji yanamwagika juu ya paa hadi mnapoanza kuyatumia. Badilisha flota nzima, si mpira wake tu kama kijiti kimekunjika. Bomba la kufurikia lirefushwe hadi kwenye mfereji wa paa badala ya kumwaga miguuni mwa tenki. Ukiwa huko, zoa majani na matawi ambayo kunguru wameyaleta kwenye matundu ya maji, na angalia kona ya paa na ukuta mdogo wa pembezoni. Karatasi ya lami inapaswa kupanda ukutani angalau sentimita 15 na ncha yake kuzikwa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye lipu. Lami ya kopo iliyopakwa peke yake hupasuliwa na jua.

Dari ya roshani imemeguka, nondo zinaonekana na zimeota kutu. Mwashi anasema ataziba kwa lipu. — Mkazi wa Tudor, Mombasa

Asizibe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa, na ndiyo iliyosukuma zege likamegeka. Karibu na bahari, chumvi ya hewani huharakisha kazi hiyo. Lipu juu ya kutu itaanguka, na safari hii huenda ikamwangukia mtu.

Msipite chini ya roshani hiyo wala kuijaza mizigo. Kwanza zibeni kinacholowesha: huwa ni sakafu ya roshani iliyopasuka, au bomba lake la maji lililoziba. Zege bovu lichongwe mpaka kuwe na nafasi ya sentimita 2 nyuma ya nondo, na lifuatwe hadi mahali chuma ni kisafi. Sugueni kwa brashi ya waya hadi ing'ae, kisha pimeni kipenyo. Nondo ya milimita 12 iliyobaki na 10.4 imeshapoteza robo ya chuma chake. Hapo, au kabla ya hapo, kazi ni ya mhandisi, na nondo mpya zitaongezwa. Ikiwa bado nene, pakeni dawa ya saruji ya kuzuia kutu na mjaze kwa saruji ya kukarabatia zege, kwa tabaka, si kwa mkupuo mmoja. Mchanga wa ufukweni usikaribie kazi hii.

Ukuta wa chumba cha kulala una ukungu mweusi chini ya kiyoyozi, na hakuna bomba hapo. — Dada wa Kinondoni

Bomba lipo, dada: la kutolea maji ya kiyoyozi. Siku za joto la unyevunyevu mashine hutoa lita kadhaa, na bomba hilo likiziba kwa utelezi maji hurudi ukutani. Mwite fundi alipulize, asafishe sinia la ndani na kuhakikisha bomba linateremka mwanzo hadi mwisho bila kupinda juu. Ukungu ufute kwa dawa ya kusafishia yenye klorini, madirisha yakiwa wazi, na usiichanganye na sabuni ya choo yenye asidi.

Ghorofa ya chini, kuta zimelowa hadi kiunoni na zinatoa unga mweupe. Kila mwaka napiga lipu upya. — Mzee wa Magomeni

Mzee, unga huo ni chumvi inayobebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Lakini hakikisha kwanza: bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, pande zote nne kwa gundi ya utepe, uifungue kesho yake. Ikilowa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Ikilowa upande wa chumba, ni hewa tu na unahitaji kufungua madirisha.

Ukiwa wa ndani, angalia nje. Mara nyingi barabara au bustani imeinuliwa ikapita msingi. Udongo ushushwe hadi sentimita 15 chini ya sakafu yako, na maji ya paa yapelekwe mbali. Bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya alama ya maji, piga chumvi brashi kavu, wala usioshe, maana maji huirudisha ndani. Fundi anaweza kutoboa mstari wa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 12, kwenye kiungio cha chini cha matofali, na kuyajaza dawa nzito kama malai inayozuia maji kupanda. Baada ya hapo ukuta uachwe wazi ukauke: kadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, yaani ukuta wa sentimita 22 unaweza kukaa miezi tisa kabla ya lipu mpya.